Masomo ya Parokia katika Kikula: Yalikuwa ya Nani?

Wale wanaoandika historia ya masomo katika inchi yetu hufuata kwa kawaida njia moja, ndiyo njia ya mapatano na amri za Serikali. Watakuambia kwamba tarehe 26 Mei 1906 Serikali ya mfalme Leopold II ilipatana na Kiti Kitakatifu, misioni zipewe mashamba, nazo zifungue masomo. Watakuambia habari za msaada wa feza uliowekwa katika miaka ya 1920, za waziri Buisseret aliyefungua masomo ya Serikali yasiyo ya dini kuanzia mwaka 1954, za tarehe 30 Desemba 1974, Serikali ilipokata shauri la kuyatwaa masomo yote, na za tarehe 26 Februari 1977, ilipoyarudisha mikononi mwa Makanisa. Njia hiyo si mbaya, na mimi pia nitaipita. Lakini anayeifuata peke yake anayatazama masomo kutoka juu ya mlima: anaona mabati ya nyumba, wala haoni nani anaingia na nani anafukuzwa.

Nataka kueleza habari za masomo ya msingi niliyosoma mimi mwenyewe katika Kikula, mtaa wa zamani wa mji wa Likasi, katika Katanga ya Juu. Sitayataja kwa jina, maana wengine waliofundisha mle wangali hai, na maneno mengine nitakayoandika ni machungu. Msomaji aliyezaliwa Kolwezi, Kipushi ao Lubumbashi atafikiri labda kwamba nasema habari za kwao. Sitamkatalia.

Likasi ni mji wa shaba. Zamani za Wabelgiji uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa Union Minière, nao ulirudia jina lake mwaka 1966. Kompani hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilizoea kwanza kuwatafuta wafanya kazi wa muda mfupi, toka Rhodesia ya Kaskazini, toka Lomami, toka Kasai, hata toka Ruanda-Urundi. Wengi walikufa, wengine wakarudi kwao. Mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili shauri: afadhali mfanya kazi akae na mke wake na watoto wake karibu na kiwanda. Mwaka 1928 reli ya B.C.K. ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, na tangu siku hiyo njia ya kutoka Kasai kuja Katanga ikawa fupi. Nawaomba wasomaji waikumbuke reli hiyo, tutaikuta tena.

Mtu akiwa na watoto kambini, watoto wanataka masomo. Ndipo Kompani ikajenga nyumba, Serikali ikatoa msaada, na misioni ikaleta walimu. Katika Katanga ya Juu misioni hiyo ilikuwa ya Wabenediktini, waliofika mwaka 1910 pamoja na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa Askofu baadaye. Waandishi wa historia wameuita umoja huo wa watatu "utatu wa ukoloni", jina ambalo padri hapendi kulitamka, lakini si uwongo. Kaskazini, upande wa ziwa Tanganika, mambo yalianza namna nyingine: Mapadri Weupe walipewa kituo cha Mpala mwaka 1885, na toka masomo yao ya kule alitoka Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya Wabelgiji. Kule walitafuta makatekista na mapadri. Huku kwetu walitafuta pia watu wa kusoma saa na namba za mashine. Tofauti hiyo ilikaa muda mrefu.

Lakini masomo yetu ya Kikula hayakuwa ya Kompani. Watoto wa kambi ya Panda ao ya Shituru walikuwa na masomo yao, mazuri kuliko yetu. Kikula palikaa washona nguo, wachuuzi, makarani, waashi, na wale waliomaliza kazi kiwandani wasitake kurudi kijijini. Kwa ajili yao misioni ilijenga nyumba ndefu ya matofali ya kuchoma, kalasi sita mfululizo, baraza mbele, madirisha juu ili mtoto asitazame njia. Wazee walituambia kwamba matofali yalibebwa na wakatekumeni kichwani, kila Jumamosi, toka tanuru hata kiwanja. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa katika mwembe. Ilipogongwa, mtaa wote ulisikia, hata wanawake wa sokoni walipima saa zao kwa kengele hiyo. Basi hata siku ya kwanza mtu angeweza kuuliza: masomo haya ni ya nani? Ya Askofu, ambaye kiwanja kiliandikwa kwa jina la misioni yake? Ya Serikali, iliyotoa msaada na kutuma mkaguzi? Ao ya wale waliobeba matofali, ambao jina lao halikuandikwa mahali popote?

Nitapita upesi juu ya miaka ya kujitenga kwa Katanga, toka Julai 1960 hata Januari 1963. Wazee walituonyesha tundu la risasi katika ukuta wa kalasi ya tano, wakisema ni la Septemba 1961, siku zile askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipozungukwa katika mji wetu. Wengine walisema ni msumari tu. Watoto walichagua risasi.

Mambo ya miaka ya 1970 yalionekana wazi zaidi, maana yalikaa katika karatasi. Nilipokuwa shemasi nilipewa ruhusa ya kuzisoma rejista za zamani. Katika rejista za mwaka 1971 wanafunzi wanaitwa Yosefu, Petro, Monika, Klara. Katika zile za mwaka uliofuata, majina hayo yamepigwa mstari mmoja wa wino mwekundu, na juu yake yameandikwa majina ya mababu, maana Serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo mwaka 1972. Mwandiko ni wa mwalimu mmoja, mzuri, wa mviringo. Alipiga mstari mwembamba sana, na jina la chini linasomeka vizuri. Sijui kwamba alifanya hivyo kwa makusudi, ao kwa sababu wino ulikuwa kidogo. Kisha masomo yakatwaliwa, mafundisho ya dini yakaondolewa, na pahali pake pakawekwa mafundisho ya siasa ya chama. Tangu mapatano ya 1977 mapadri walirudi kuongoza, Serikali ikabaki kulipa walimu. Kwa karatasi, mambo ni hivyo hata leo.

Sasa nafika katika mwaka 1992, nami sitapita upesi.

Wakati ule karibu nusu ya walimu wetu walikuwa watu wa asili ya Kasai. Babu zao walikuja kwa reli ile. Wao wenyewe walizaliwa Likasi, wakabatizwa Likasi, walisema Kiswahili chetu kama sisi. Katika mwezi wa Agosti 1992, wakuu wa siasa waliposhindania uwaziri mkuu kule Kinshasa, hasira ilishuka juu ya majirani. Katika Likasi watu walifukuzwa nyumbani mwao, nyumba zikachukuliwa ao zikachomwa. Maelfu na maelfu walikaa katika stesheni ya treni na ndani ya majumba ya masomo, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, inchi ambayo wengi hawakuiona hata siku moja. Watoto na wazee walikufa katika kungoja, wengine njiani. Mwaka uliofuata mambo yale yale yalitokea Kolwezi.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo, sikuwa bado kuingia masomo. Ninayoyasema ya kalasi nimeyapata kwa mkubwa wangu, aliyekuwa kalasi ya nne, na kwa wenzake watatu niliowauliza mmoja mmoja. Mwalimu wao aliondoka. Pahali pake akarudishwa mwalimu mmoja mzee, aliyekwisha kupumzika kazi, aliyefundishwa ualimu na misioni zamani za Wabelgiji. Alipewa rejista ya mwenzake. Kila asubuhi aliita majina yote yaliyoandikwa mle tangu Septemba, hata ya wale walioondoka. "Haiko, Mwalimu," watoto walijibu. "Alienda na treni." Naye akaandika alama ya kukosa, akaita jina lingine. Siku nyingi zikapita hivyo. Mkubwa wa masomo akamwambia aache, maana wazazi wengine walinungunika. Akajibu kwamba sheria ya rejista haimruhusu mwalimu kufuta jina la mwanafunzi kabla ya mwisho wa mwaka wa masomo. Sheria hiyo ilikuwa ya kweli. Aliyaita majina hayo hata mwanzo wa mwezi wa Julai, siku ya kutangaza matokeo.

Wale niliowauliza hawakupatana juu ya jambo moja: mmoja anasema mzee alikuwa mkali tu, mtu wa utaratibu, wawili wanasema alitaka watoto wasisahau. Mimi baadaye nilikuwa mwanafunzi wake katika kalasi ya tatu, na naona wote wanasema kweli. Hakuhubiri hata siku moja habari za 1992. Lakini katika kabati yake alitunza vitabu vya rafiki yake aliyeondoka, vimefungwa kwa kamba, na juu yake karatasi yenye jina la mwenyewe. Mtoto aliyevigusa alipigwa fimbo mbili.

Niliingia kalasi ya kwanza mwezi wa Septemba 1993. Kwa sababu walimu hawakutosha, kalasi mbili zilikaa katika chumba kimoja, migongo ikielekeana, moja ikitazama ubao wa mashariki, moja ubao wa magharibi, na mwalimu mmoja mama akitembea kati yake. Tulijifunza kusoma kwa Kiswahili, maana ndiyo kanuni ya kalasi za chini, Kifaransa kinafuata. Hapo palikuwa na mashaka ambayo katekista ye yote anayajua. Kitabu kilisema "watu wanakwenda", na sisi tulisema "bantu banaenda". Mama mwalimu alituuliza: "Nani anakwenda?" Tukajibu: "Banakwenda!" Tukafikiri tumepatanisha kitabu na nyumba. Wengine wanacheka lugha yetu ya Katanga na kuiita mchanganyiko. Mimi nasema kwamba mtoto aliyefundishwa hivyo alianza mapema sana kazi ya kutafsiri, nayo ilimfaa baadaye katika Kilatini.

Ndiyo miaka ya njaa pia. Gécamines, iliyorithi mali ya Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Kiwanda kikikohoa, Kikula inalala bila bukari, maana mfanya kazi asipopata mshahara hanunui kitu kwa mchuuzi. Mishahara ya walimu toka Serikali iligeuka kuwa karatasi zisizonunua hata sabuni. Oktoba 1993 ikaletwa feza mpya, nayo ikaoza kama ile ya kwanza. Walimu wa inchi nzima waligoma. Hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakubwa wa masomo ya Kanisa na wazazi walipatana kwamba wazazi watawalipa walimu wao wenyewe, kwa muda, hata Serikali irudie kazi yake. Malipo hayo yaliitwa primu. "Kwa muda" ilikuwa zaidi ya miaka 25.

Katika masomo yetu komite ya wazazi ilifungua kaye moja kubwa. Nimeishika mikononi mwangu. Kila ukurasa una majina ya wazazi upande wa kushoto, na upande wa kuume kile walichotoa: feza kidogo, mara nyingi si feza. Bakuli mbili za unga wa mahindi. Nusu gunia la makala. Mshona nguo ameandikwa kwamba alishona suruali mbili kwa mwalimu wa kalasi ya sita. Seremala ametengeneza viti vya watoto, vitatu. Mwashi amepaka chokaa. Mama mmoja muuza samaki ametoa ndagala kila Ijumaa, mwaka mzima. Nikisoma kurasa zile naona kwamba Serikali ilikuwa haipo, Kompani ilikuwa mgonjwa, na misioni ya Wazungu ilikuwa imekwisha kuondoka. Hata hivyo kipande cha reli kiligongwa kila siku saa moja na nusu.

Basi mtu atasema: jibu limepatikana, masomo yalikuwa ya wazazi. Nami nilifikiri hivyo muda mrefu, na nimewasikia mapadri wakihubiri hivyo. Lakini kaye ile ile inanizuia. Kwanza, kuna majina mle ya watu ambao mtaa wote unajua walikaa katika nyumba za nani baada ya 1992. Walitoa unga wao kwa uaminifu. Watoto wao walikaa katika viti vilivyoachwa. Pili, kila mwisho wa mwezi kuna ukurasa wa wale wasiotoa. Mkubwa wa masomo aliingia kalasi na karatasi hiyo, akasoma majina. Aliyetajwa alisimama, akachukua mfuko wake, akatoka. Mwalimu hakusema neno, maana bukari ya watoto wake ilitoka katika karatasi ile. Wengine walirudi baada ya siku mbili, wengine baada ya mtihani. Wengine hatukuwaona tena. Rafiki yangu wa kiti kimoja, mtoto wa mjane, aliyenishinda katika hesabu kila mara, alitoka hivyo katika kalasi ya tano. Miaka michache baadaye, watu walipoanza kuchimba madini kwa mikono, alikwenda kwenye mashimo na vijana wenzake. Yeye bado hai, asante kwa Mungu. Alinisaidia kusoma majina katika kaye, lakini jina la mama yake alilipita haraka.

Mwalimu mzee peke yake alikuwa na njia nyingine. Mtoto aliyefukuzwa aliweza kusimama nje, chini ya dirisha lake, na mzee alipaza sauti zaidi kuliko ilivyofaa kwa chumba kile. Dirisha lilikuwa juu, kama nilivyosema. Mtoto hakuona ubao. Mzee akasoma kila alichokiandika, neno kwa neno. Hakuna aliyemkataza, maana sheria haisemi mwalimu apaze sauti kwa kiasi gani.

Mwaka 1997, vita vya Alliance vilipofika Katanga mwezi wa Aprili, tulikuwa katika kalasi ya nne. Bendera ya kijani yenye mkono na mwenge ikashushwa, ikapandishwa ile ya buluu yenye nyota saba. Wazee walisema: hii tunaijua, ni ya uhuru. Walikuwa na haki, ijapokuwa katika Katanga ilipepea siku kumi na moja tu mwaka 1960 kabla ya jimbo kujitenga. Tulifundishwa upya wimbo wa taifa. Seminari ndiko nilikojifunza kwamba maneno ya wimbo wa Zaire na ya wimbo wa Kongo yote mawili yalitungwa na padri mmoja, Myezuiti Boka, jambo ambalo lingetufurahisha sana utotoni kama mtu angalituambia. Feza pia ikabadilika, mwaka 1998 tukapata franka. Katika kaye ya komite, badiliko hilo kubwa la Serikali halionekani hata kidogo. Unga ni unga, makala ni makala.

Mwaka 2003 Gécamines iliwaaga wafanya kazi wake zaidi ya 10,000 kwa feza ya mkono mmoja, na watoto wa makambi, ambao zamani walitucheka, wakaja kuomba nafasi Kikula. Katiba ya mwaka 2006 iliandika kwamba masomo ya msingi ni ya bure. Iliandika tu. Mwezi wa Septemba 2019 ndipo neno hilo lilipotendeka kweli, na watoto kwa mamilioni katika inchi nzima wakaingia kalasi. Katika masomo yangu ya zamani kiti cha watoto wawili kikabeba wanne. Walimu wengine wakapata mshahara wa Serikali. Wengine, wasioandikwa katika orodha ya malipo, wakapoteza primu bila kupata kitu kingine, na hao mapadri wanaoongoza masomo wanawajua kwa majina. Nimesikia wenzetu wakisikitikia zamani za primu, kwamba kalasi zilikuwa na utaratibu na wazazi waliheshimu kile walicholipa. Sipatani nao. Waulize wale waliosikiliza chini ya dirisha.

Lakini swali langu la kwanza bado liko mezani, na kwa padri si swali la vitabu tu. Kila mara parokia inapotaka kuuza kipande cha kiwanja, ao Serikali inapotaka kujenga ofisi pembeni ya masomo, watu wa Kikula wanakuja na kusema "masomo yetu". Wanasema hivyo wajukuu wa waliobeba matofali, na watoto wa waliotoa makala. Mwaka juzi alikuja pia mtu mmoja toka Mbuji-Mayi, mwenye mvi, aliyefundisha pale hata Agosti 1992. Hakudai nyumba yake. Aliomba kuona rejista ya kalasi ya nne. Tulimwonyesha. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa, alama za kukosa toka Oktoba hata Juni katika mwandiko wa mzee, akauliza mzee alizikwa wapi, tukampeleka kaburini. Vitabu vyake, vile vya kamba, watoto wa mzee walikuwa wamevitunza. Alichukua kimoja, cha hesabu, akaacha vingine kwa masomo.

Rejista hiyo na kaye ya komite sasa ziko katika kabati ya ofisi ya parokia, pamoja na vitabu vya ubatizo vya miaka ya 1950. Mchwa wamekwisha kula kurasa za mwaka 1995. Mwanafunzi mmoja wa seminari, mtoto wa Kikula, ameanza kunakili zilizobaki, naye anaandika vyote, hata ndagala za Ijumaa.